Rush: Maneno ya mpiga dramu na ubishi wa nusu karne

Rush ni bendi ya roki ya Kanada iliyoundwa Toronto mwaka 1968. Kuanzia 1974 hadi ilipomaliza ziara ya mwaka 2015 haikubadilisha mtu hata mmoja: Geddy Lee aliimba huku akipiga gitaa la besi na kinanda, Alex Lifeson alipiga gitaa, na Neil Peart alipiga dramu. Katika bendi nyingi za roki anayeandika maneno ndiye anayeyaimba, lakini Rush walikwenda kinyume. Maneno ya karibu nyimbo zote katika albamu 18 kati ya 19 walizorekodi yalitoka kwa mpiga dramu, mtu aliyejificha nyuma ya rundo la ngoma na matoazi, asiyeimba na asiyependa kukutana na wageni. Aliyeyafikisha kwa wasikilizaji ni mwenzake, kwa sauti nyembamba ya juu ambayo wengine wanaiona tamu na wengine hawaivumilii hata dakika mbili.

Mashabiki wa bendi hii wanajulikana kwa mambo mawili: kuhesabu mapigo na kuchambua maneno. La kwanza halina ugomvi mkubwa, kwa kuwa mapigo yakihesabiwa vizuri jibu hupatikana. La pili halijaisha mpaka leo. Wapo wanaomshika Peart kama mhubiri wa mtu kujitegemea na kutoshukuru serikali wala jirani. Wapo wanaomwona mtetezi wa wanyonge, na wapo wanaosema maneno yale ni pambo tu la kubebea muziki mgumu. Kila upande una nyimbo za kuthibitisha hoja yake, na si ajabu, kwa sababu Peart alibadili mawazo akiwa kazini, mbele ya watu, kwa zaidi ya miaka 35. Aliyeandika mwaka 1976 si yule wa 2007. Ubishi mwingi juu ya Rush ni wa watu wanaonukuu vipindi viwili tofauti vya mtu mmoja wakidhani wananukuu kitabu kimoja.

Lee na Lifeson walikutana shuleni katika kitongoji cha Willowdale, kaskazini mwa Toronto, wote wakiwa watoto wa wahamiaji. Wazazi wa Lifeson walitoka Serbia. Wazazi wa Lee walikuwa Wayahudi wa Poland walionusurika kambi za mateso za Wanazi, jambo litakalorudi baadaye katika habari hizi. Mpiga dramu wao wa kwanza alikuwa John Rutsey, na albamu ya kwanza, iliyotoka 1974 kwa lebo yao ndogo, ilikuwa roki nzito ya kawaida yenye harufu ya Led Zeppelin. Ingeweza kupotea kama mtangazaji wa redio ya WMMS mjini Cleveland, Donna Halper, asingeanza kuupiga wimbo “Working Man”. Cleveland ni mji wa viwanda, na wimbo unaomhusu mfanyakazi anayerudi nyumbani jioni akiwa hoi ulipata wenyewe. Simu zikamiminika redioni, kampuni ya Mercury ikawasainisha, ziara ya Marekani ikapangwa. Hapo Rutsey akaondoka kwa sababu za afya na za ladha.

Peart aliajiriwa tarehe 29 Julai 1974, siku Lee alipotimiza miaka 21. Alikuwa kijana mrefu kutoka St. Catharines, Ontario, aliyekwisha kujaribu bahati yake London na kurudi mikono mitupu. Huko London aliuza vitu vya urembo kwa watalii katika duka la Carnaby Street, na aliporudi nyumbani akauza vipuri vya matrekta pamoja na baba yake. Hakumaliza shule, lakini alisoma bila kuchoka. Lee na Lifeson hawakupenda kazi ya kuandika maneno. Walipoona mwenzao mpya hatui kitabu ndani ya gari la ziara, wakamkabidhi. Kazi iliyobadili sura ya bendi ilipatikana kwa njia hiyo, bila kikao wala mpango.

Muziki nao ulibadilika. Peart alikuja wakati roki ya progresivu ya Uingereza ilikuwa kileleni. Bendi kama King Crimson, Yes na Genesis zilikuwa zimeiondoa roki katika wimbo wa dakika tatu wa kucheza dansi na kuipeleka kwenye tungo ndefu zilizoweza kujaza upande mzima wa santuri, zikikopa kutoka muziki wa klasiki wa Ulaya na jazi. Wimbo wa kawaida wa redioni huhesabiwa nne nne. Wao walihesabu tano, saba, tisa, tena wakabadili hesabu katikati ya njia. Rush walichukua tabia hizo wakazivisha nguvu ya roki nzito. Sehemu ya kati ya “Tom Sawyer”, kwa mfano, huhesabiwa saba, na shabiki mgeni hujitambulisha kwa kutikisa kichwa mahali pasipo pake. “YYZ”, wimbo wa ala tupu, umejengwa juu ya mdundo wa herufi tatu za kiwanja cha ndege cha Toronto kama zinavyotumwa kwa alama za simu ya upepo: mistari na nukta zimegeuzwa mapigo.

Albamu ya tatu, Caress of Steel ya 1975, ilianguka. Ilikuwa na tungo mbili ndefu zilizowachosha wasikilizaji, na ziara yake wenyewe waliita kwa kejeli safari ya kuzama. Kampuni ya kurekodi ilitaka nyimbo fupi za kuuzika. Jibu la bendi lilikuwa “2112”, utungo wa dakika 20 wenye sehemu saba, uliojaza upande mzima wa albamu ya mwaka 1976 yenye jina hilohilo. Hapa ndipo mabishano yote yalipoanzia.

Kisa chake kinasimuliwa kwa mtindo wa hadithi za kubuni za sayansi. Katika mwaka 2112 makuhani wanatawala sayari kwa mitambo yao ya kompyuta, na kila kinachosomwa, kuimbwa au kutazamwa kinatoka kwao. Kijana mmoja anaokota gitaa la kale pangoni, anajifunza kulipiga, anawapelekea makuhani akidhani watafurahi. Wanalivunja. Kijana anaota ulimwengu mwingine ambako watu bado wanaumba, anaamka, anakata tamaa, anakufa. Mwishoni kabisa sauti inatangaza kwamba utawala umechukuliwa. Na nani? Hapa mashabiki wamegawanyika. Wengi wanasema ni watu wa kale waliohama zamani na sasa wamerudi kuikomboa sayari. Wengine wanasikia sauti ya makuhani wale wale wakisisitiza mamlaka yao. Muziki haumsaidii msikilizaji kuamua, na huo ndio uzuri wa mwisho ule.

Kilichowasha moto zaidi ni maandishi madogo ndani ya jalada: Peart alimshukuru Ayn Rand. Rand, mwandishi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alihubiri falsafa ya kumtukuza mtu mmoja mmoja na kuyashutumu madai ya jamii juu yake. Riwaya yake fupi, Anthem, iliyotoka 1938, ina kijana anayegundua upya taa ya umeme katika ulimwengu uliopiga marufuku neno la nafsi ya kwanza, naye hukataliwa na wakubwa. Mfanano na “2112” uko wazi, na Peart aliona ni uungwana kuutaja. Uungwana huo uliwaponza. Mwaka 1978 jarida la New Musical Express la London lilichapisha mahojiano yaliyowachora Rush kama waenezaji wa mawazo ya kifashisti. Kwa Lee, ambaye wazazi wake walipitia Auschwitz, shutuma hiyo ilikuwa zaidi ya tusi.

Katika jambo hili mashabiki wana hoja nzuri kuliko jarida. “2112” ni malalamiko ya vijana watatu walioambiwa na wenye kampuni warekodi wanavyoagizwa. Ukiondoa sayari na makuhani, kinachobaki ni mwanamuziki aliyepeleka kazi yake ofisini ikakataliwa. Siasa ya Rand ilitoa kiunzi tu cha hadithi, na hasira iliyoijaza ilikuwa ya biashara ya muziki. Hata hivyo si haki kusema Peart hakumwamini Rand wakati ule. Alimwamini, kama vijana wengi wasomaji wa Amerika Kaskazini wa miaka ile, na nyimbo za miaka ya 1975 hadi 1980 zinaonyesha hivyo.

Wimbo mwingine uliokaliwa vikao ni “The Trees”, wa albamu ya Hemispheres ya 1978. Ni ngano: miti mifupi inalalamika kwamba mirefu inaiba jua, inaunda umoja wake, na mwishowe sheria inapitishwa ya kuisawazisha yote kwa shoka. Wako waliousikia kama shambulio kwa vyama vya wafanyakazi. Wakanada wengine waliuhusisha na mvutano wa Quebec na majimbo yanayosema Kiingereza, kwa kuwa mti mmojawapo unaotajwa ndio ulio kwenye bendera ya nchi yao. Peart mwenyewe alisema alipata wazo kutoka katuni iliyochora miti ikifanya upumbavu wa wanadamu, basi. Maelezo hayo hayajamtosheleza shabiki hata mmoja, na kwa kweli hayatoshi. Ngano ikishatoka mdomoni haiulizi tena mtunzi alikusudia nini. Msikilizaji huifungua kwa ufunguo alionao.

Mwaka 1980 mambo yalibadilika. Albamu ya Permanent Waves ilipunguza urefu wa nyimbo na kuondoa mapango na mahekalu. “The Spirit of Radio” ilitokana na kituo cha CFNY cha Toronto kilichoruhusu watangazaji wake kupiga walichokipenda, na ni wimbo wa sifa unaoishia kwa lawama dhidi ya wafanyabiashara. “Freewill” ulikuwa hotuba ya mwisho ya Peart wa zamani: mtu anachagua njia yake, na anayeitupia lawama bahati au miungu anakwepa. Mashabiki wa dini na wasio na dini wamebishana juu ya wimbo huo tangu ulipotoka. Wenye dini wengi wanaupenda, wakisema hiari ya mwanadamu ni fundisho lao pia.

Februari 1981 ikatoka Moving Pictures, iliyorekodiwa Le Studio, Morin-Heights, Quebec. Ilishika namba moja Kanada na namba tatu Marekani, na ndiyo albamu ambayo hata wasioipenda Rush wanaifahamu. Humo Peart alijifunza jambo ambalo waandishi wengi wa roki ya progresivu hawakulijifunza kamwe: kusema kwa mtu na mahali badala ya kusema kwa nadharia. “Red Barchetta” inasimulia kijana anayeendesha gari la kale lililopigwa marufuku, na imetokana na hadithi fupi ya Richard S. Foster iliyochapishwa katika jarida la magari la Road & Track mwaka 1973. Ni “2112” ileile, kifaa cha kale na sheria kandamizi, lakini safari hii kuna barabara, upepo, harufu ya mafuta na mjomba anayesubiri shambani. Dakika sita zinafanya kilichohitaji 20. “Limelight” inaeleza dhiki ya kujulikana: Peart hakuweza kumfanya mgeni awe rafiki kwa sababu tu mgeni huyo amenunua tiketi. Lee na Lifeson ndio waliosalimiana na mashabiki baada ya onyesho. Mwandishi wa maneno alikuwa keshaondoka, miaka ya baadaye kwa pikipiki yake. Mashabiki walibaki na maandishi bila mwandishi wa kuwaamulia, na ubishi wowote usio na mwamuzi hurefuka.

“Subdivisions”, wa albamu ya Signals ya 1982, ndio wimbo ambao mashabiki wengi wanausema kwa sauti ya chini. Unahusu vitongoji vya nyumba zinazofanana na kijana asiyefanana na wenzake, anayelazimika kuchagua kati ya kujikunja na kutengwa. Ni wimbo wa watu waliokaa nyuma darasani, na mashabiki wa Rush wa wakati ule, wengi wao wavulana waliopenda vitabu, kompyuta na ala za muziki, waliukuta unawataja. Kama kuna wimbo mmoja unaoeleza kwa nini bendi hii ina wafuasi badala ya wanunuzi tu, ni huo.

Kilele cha uandishi wa Peart kiko mwaka 1984, katika “Red Sector A”. Mama yake Lee aliwahi kumsimulia mwanawe siku kambi ya Bergen-Belsen ilipokombolewa, Aprili 1945: wafungwa hawakuamini kwamba nje ya ua bado kuna ulimwengu, walidhani ulimwengu wote umekwisha na wao ndio mabaki. Peart alichukua wazo hilo akaandika wimbo wa mfungwa asiyetajwa taifa wala mwaka, juu ya mdundo wa mitambo usio na gitaa la besi. Lee aliuimba akijua ni habari za nyumbani kwao. Baada ya wimbo huo, shutuma za 1978 zilikosa pa kusimama.

Utaratibu wao wa kutunga unafaa kuelezwa, kwa sababu unajibu swali la mashabiki wengi kuhusu nani hasa anasema katika nyimbo hizi. Peart aliandika peke yake na kumpa Lee karatasi. Lee na Lifeson walikaa chumba kingine na ala zao wakitafuta sauti ya kubeba maneno. Pengine beti nzima zilikubaliwa, pengine mstari mmoja tu ulinusurika, na Peart akarudi kuandika upya kuuzunguka mstari huo. Lee alikataa maneno ambayo hakuweza kuyaimba kwa kuyaamini. Kwa hiyo kilichofika kwenye santuri kilikuwa kimechujwa na mwimbaji, na mabadiliko ya mawazo ya Peart yalipita pia katika mizani ya Lee. Kasoro haikukosekana. Peart alipenda maneno makubwa ya dhahania, na beti zake dhaifu zinasomeka kama insha iliyokatwa mistari. Mashabiki wakweli wanakiri hilo. Wengine huanza kuhesabu mapigo.

Kuhusu miaka ya katikati ya 1980 ugomvi ni wa vinanda. Sinthesaiza zilijaa, gitaa la Lifeson likasukumwa pembeni, na mtayarishaji wao wa muda mrefu, Terry Brown, aliachwa baada ya Signals. Kundi moja la mashabiki linaona hapo bendi ilipotea, jingine linashikilia kwamba Power Windows ya 1985 ni kazi yao ya kisasa kuliko zote. Hoja zote mbili zimechakaa.

Muhimu zaidi ni mahali maneno yalipoelekea. Novemba 1988 Peart aliendesha baiskeli Kamerun na kikundi kidogo cha wasafiri, safari aliyoiandikia kitabu, The Masked Rider, kilichotoka 1996. Alilala katika nyumba za wageni za hali duni, aliugua tumbo, alisoma Aristotle kando ya barabara za vumbi, na aliwaona watu wenye akili na bidii kama zake wakikosa alichopata yeye kwa kuzaliwa Ontario. Fundisho la “Freewill” halikutosha kulieleza hilo. Albamu ya Roll the Bones ya 1991 inaikubali bahati waziwazi: mabaya huwapata watu bila kosa, na kilichobaki ni kuthubutu hata hivyo. (Wimbo wenye jina la albamu una kipande cha kughani kwa mtindo wa rap, mashabiki bado hawajasameheana juu yake.) Mwaka 2007, katika Snakes & Arrows, akarudia suala hilo katika “The Larger Bowl”, akiuliza kwa nini wengine wamejaliwa bakuli kubwa na wengine dogo.

Wimbo huo unamfaa msikilizaji aliyekulia kwenye ushairi wa vina na mizani, kwa kuwa umefuata arudhi kamili. Ni pantumu, bahari ya ushairi yenye asili ya Kimalai: mstari wa pili na wa nne wa kila ubeti hurudi kuwa wa kwanza na wa tatu wa ubeti unaofuata. Kurudia huko kunaifanya mistari ibadilike maana kila inapotokea, na kwa mada ya bahati inayozunguka bila haki, umbo na maudhui vinakwenda pamoja. Wachache katika roki wamewahi kujifunga hivyo kwa hiari.

Peart, aliyekuwa amekwisha kuandika kuhusu bahati mbaya, alipatwa nayo. Agosti 1997 binti yake, mtoto wake wa pekee wakati ule, alikufa katika ajali ya gari. Mwaka 1998 mkewe akafa kwa saratani. Peart aliwaambia wenzake wamhesabu amestaafu, akapanda pikipiki na kuzunguka Amerika Kaskazini hadi Mexico na Belize, kilomita zipatazo 88,000. Alieleza safari hiyo katika kitabu cha Ghost Rider cha 2002, na mwaka huohuo bendi ikarudi na Vapor Trails. Maneno ya albamu hiyo yana majeraha wazi kuliko kitu chochote alichoandika. Kwa bahati mbaya sauti ya rekodi ilikuzwa kupita kiasi hadi ikakwaruza, na ililazimu ichanganywe upya na kutolewa tena mwaka 2013. Anayetaka kuisikia atafute toleo hilo la pili.

Ziara ya 2002 ndiyo iliyoonyesha ukubwa wa wafuasi ambao wakosoaji hawakuwahi kuuamini. Brazil, ambako televisheni ilikuwa imetumia “Tom Sawyer” kama wimbo wa utangulizi wa tamthilia ya MacGyver, maelfu ya watu walijaa uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Bendi ilipoanza “YYZ”, ambao hauna neno hata moja, uwanja mzima uliimba noti za gitaa. Rekodi ya onyesho hilo ni jibu tosha kwa wanaodhani muziki wa hesabu hauwezi kuwa wa umati.

Athari ya Rush kwa bendi nyingine ni ya mbinu na ya mwenendo zaidi kuliko ya mlio. Ni wachache wanaosikika kama wao. Dream Theater, waliouendeleza mtindo wa progresivu katika metali, walianza kwa jina la Majesty, lililotokana na sifa waliyoupa mwisho wa wimbo “Bastille Day” wa Rush. Wanamuziki wa Metallica, Primus, Tool na Foo Fighters wameitaja Rush miongoni mwa waliowafunza. Kwa wapiga dramu Peart alikuwa mwalimu hasa, na walimwita Profesa. Fundisho lake kubwa alilitoa akiwa mtu mzima: katikati ya miaka ya 1990, akiwa miongoni mwa wapigaji wanaosifiwa kuliko wote duniani, alikwenda kwa mwalimu mzee wa jazi, Freddie Gruber, akaanza upya kujifunza kushika vijiti.

Wakosoaji wa Marekani walichelewa. Rush walistahili kufikiriwa kwa ukumbi wa heshima wa Rock and Roll Hall of Fame tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini waliingizwa 2013, baada ya miaka ya kelele za mashabiki. Kwao Kanada walikuwa wamepewa nishani ya taifa tangu 1996. Usiku wa kuingizwa Lifeson alitoa hotuba ndefu iliyoundwa na silabi tupu zisizo na maana, kwa ishara za mikono na uso. Baada ya miaka 40 ya watu kuuliza maneno ya Rush yana maana gani, mzaha ulikuwa wa haki.

Siasa nazo hazikuacha kuyavizia maneno hayo. Mwaka 2010 Rand Paul, aliyekuwa akigombea useneta wa Kentucky, alitumia nyimbo za Rush katika kampeni. Mwanasheria wa bendi alimwandikia aache kwa sababu ya hakimiliki. Miaka miwili baadaye Peart alieleza katika mahojiano kwamba hakuwa tena mfuasi wa Ayn Rand, na kwamba anaamini uhuru wa mtu pamoja na wajibu wa kumsaidia aliyeanguka. Ilikuwa kauli ya wazi kabisa. Wako mashabiki waliomkatalia, wakisema Peart wa kweli ni yule wa 1976.

Albamu ya mwisho, Clockwork Angels ya 2012, ni kisa kirefu cha kijana anayetoka kijijini kuutafuta ulimwengu, na kimekopa kiunzi chake kutoka Candide ya Voltaire. Inaishia na “The Garden”, tafakuri tulivu ya mtu anayepima maisha kwa upendo na heshima alivyovipata. Ukiulinganisha na kijana wa “2112” anayekufa pangoni, utaona umbali mwandishi aliotembea. Onyesho la mwisho la bendi pamoja na Peart lilifanyika karibu na Los Angeles tarehe 1 Agosti 2015. Peart alifariki kwa saratani ya ubongo tarehe 7 Januari 2020 akiwa na miaka 67. Ugonjwa wake ulifichwa kwa zaidi ya miaka mitatu, na siri hiyo haikuvuja. Oktoba 2025 Lee na Lifeson walitangaza kurudi jukwaani mwaka 2026 wakiwa na mpiga dramu Mjerumani, Anika Nilles.

Msomaji anayetaka kuijua bendi hii asianze na “2112”, hata mashabiki wakimsukuma vipi. Aanze na Moving Pictures, ambayo ni ya dakika kama 40, kisha “Subdivisions” na “Red Sector A”, halafu “The Larger Bowl”. Akishamaliza hizo ndipo arudi 1976 kwa makuhani na gitaa walilolivunja, awasikilize akijua mwandishi yule alikuwa na miaka 23 na safari ndefu bado mbele yake.